Mtandao Unaishia Mlangoni

Jumatatu, 6 Juni 2005

Nimemgeuza Otmari, nimemwosha, nimemlisha uji. Ameacha nusu. Nimemfunika mablanketi yote, nimesogeza jiko la mkaa karibu na mlango, nimejitanda kitenge juu ya sweta, nimetoka kumpigia mwanetu Oliva.

Kila asubuhi ni hivyo hivyo. Nyumba ina simu, lakini simu haiongei ndani ya nyumba. Humu inaandika Kiingereza chake kwamba mtandao hakuna, basi. Lazima nipande mpaka kwenye mti wa msindano ulio juu ya shamba letu, nisimame upande mmoja, uso uelekee mlimani, na nisigeuke. Nikigeuka, mtoto anakatika katikati ya neno.

Oliva ndiye aliyeinunua. Anafanya kazi kwenye stoo ya mbao Makambako. Daktari anayemwangalia baba yake yuko huko, na dawa za presha zinapatikana huko. Tangu Kwaresima, Otmari alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelala na maneno yamebaki machache. Simu ingeturahisishia maisha. Ndivyo Oliva alivyosema.

Ukungu mzito. Nimerudi viatu vimelowa. Sijarahisishiwa kitu.


Jumatano, 8 Juni

Leo nimepima nyumba nzima. Chumbani kwetu: hakuna. Jikoni: hakuna. Stoo ya mahindi: kijiti kimoja cha mtandao, nikapumua, kikaondoka. Nimepanda stuli, nimeiweka simu juu ya kabati. Kijiti kimoja, kimetulia. Nikaishusha ili nipige, kikapotea.

Sasa mtu anapigaje simu iliyo juu ya kabati? Nimepanda tena, shingo imebanwa na dari, nikapiga pale pale juu. Oliva akaitika "halo" moja. Stuli ikacheza. Nikashuka kabla haijanishusha yenyewe.

Otmari ananitazama tu kutoka kitandani. Nyumba hii aliijenga yeye, ukuta wa tofali mbili mbili ili baridi ya Njombe isipite. Kweli baridi haipiti. Na sauti ya mwanao pia haipiti, nimemwambia. Amegeuza uso. Sikumwomba radhi. Nilikuwa na hasira.


Ijumaa, 10 Juni

Fundi redio amekuja. Amefunga waya wa shaba kwenye mwanzi mrefu, ameusimamisha mwanzi nje ya dirisha la chumba, ameupitisha waya ndani na kuuzungushia kwenye simu kama anafunga sambusa. Amefanyia kazi dirishani, kwa nje. Otmari alikuwa amejifunika kichwa muda wote.

Matokeo: hakuna mtandao. Fundi akasema labda hewa nzito leo. Akanywa chai, akaondoka. Nikaunganisha waya ule kwenye redio yetu ya zamani. Redio sasa inashika vizuri ajabu. Nimesikiliza taarifa ya habari ya nchi ambazo siwezi kuzitamka. Makambako, ambako basi linafika kabla chai ya chupa haijapoa, sisikii.

Shabani amepita na dawa. Shabani ana lori. Anapakia mahindi na maharage Mlangali, anashusha Makambako, na sisi tuko barabarani. Otmari alimwendeshea lori lile miaka na miaka. Alisimama getini kama kawaida, akapiga honi, akanikabidhi mfuko, akauliza, "Dereva anaendeleaje, shemeji?" Nikasema anaendelea. Hakuomba kuingia. Anajua. Tangu augue, Otmari hataki mtu amwone. Chumba kile tunaingia mimi, dada yake Skola, na padre tu.


Jumapili, 12 Juni

Baada ya misa nimewauliza wenye simu. Kosa kubwa. Kila mtu ana kampuni yake na anaitetea kama anagombea ubunge kupitia hiyo.

Nilichoelewa ni hiki. Minara iko miwili. Mmoja uko mlimani nyuma ya misheni, wa pili uko ng'ambo ya barabara ya Ludewa, na ni wa kampuni tofauti. Huku mtaani kwetu watu hawahangaiki na majina ya kampuni. Wanasema laini ya mlimani na laini ya barabarani. Mimi nina ya mlimani. Oliva pia. Mwalimu mmoja akasema hapana mama, kwa nyumba ya bondeni kama yako chukua ya barabarani. Mkewe akasema ya barabarani haina maana, yeye akiwa jikoni haishiki. Mwalimu akasema ni kwa sababu jikoni kwao kuna bati. Wakaanza kugombana wao kwa wao. Nikaondoka.

Na ukipiga kutoka laini ya kampuni moja kwenda nyingine, vocha inakwisha kabla hamjamaliza salamu. Hilo tu ndilo walilokubaliana wote.


Jumanne, 14 Juni

Ameanguka.

Nilikuwa kwenye msindano. Oliva ananieleza daktari amesema kidonge cha jioni kiwe nusu. Inakatika. Anapiga tena. Nusu ya kipi, cheupe au cha njano? Inakatika. Manyunyu yakaanza. Nikabaki pale pale maana si jambo la kubahatisha. Mpaka nikasikia vizuri: cha njano.

Niliporudi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, shavu juu ya saruji, suruali imelowa. Alitaka kufika kwenye chombo mwenyewe. Alikuwa ameninyamazia tu, macho wazi. Kwa muda fulani nilidhani ameshakufa. Nilikuwa bado nimeshika simu.

Nilitaka kumwita baba Tuli, jirani, tusaidiane kumwinua. Otmari akanishika kanga kwa mkono mzima, akanivuta, akatikisa kichwa. Nguvu ile sikujua kama bado anayo. Basi nikamwinua peke yangu. Nilimpitishia shuka kwapani, nikavuta, nikapumzika, nikavuta. Tulipofika juu ya kitanda tulikuwa tunahema wote wawili kama tumetoka kulima.

Ana mchubuko kwenye shavu. Hakuvunjika. Mungu ni mwema lakini leo nimechoka naye pia.


Jumatano, 15 Juni

Sijapanda kwenye msindano. Siwezi kumwacha. Oliva bila shaka anapiga na kupiga. Apige.


Ijumaa, 17 Juni

Wifi Skola amekuja kutoka Mdandu kukaa na kaka yake, nami nimekwenda Makambako kutafuta laini inayoshika ndani.

Oliva amekonda. Nilimweleza kuhusu kuanguka. Akalia pale stoo mbele ya wateja, mbao zimepangwa nyuma yake mpaka juu. Akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekushikilia kwenye simu, mama." Nikamwambia asiwe mjinga.

Tukaenda duka la simu. Kijana wa pale anaongea kama mnadani. "Mama, hii laini hata ukiwa ndani ya sanduku la bati inashika!" Akaitia kwenye simu yangu. Vijiti vikajaa. Nikamwambia arudishe ya mlimani. Vijiti vikajaa vilevile. Makambako kila kitu kinajaa. Malori yamejaa, hoteli zimejaa, vijiti vimejaa. Nimejaribu nje ya duka, ndani ya duka, nyuma ya friji. Inashika tu. Nikaona upuuzi wangu. Naipima Makambako simu ya kutumika Njombe, bondeni, ndani ya tofali mbili. Sawa na kupima gauni kwenye mwili wa mtu mwingine.

Nimenunua ya barabarani hata hivyo. Oliva amebaki na yake, maana wateja wote wa stoo wanaijua namba ile.

Nimefika nyumbani. Nimeingia chumbani moja kwa moja, hata viatu sijavua. Nimetia laini mpya. Nimengoja.

Hakuna.

Nimekwenda sebuleni nikae chini nilie. Nilipokaa, ikasoma. Vijiti viwili, karibu na dirisha la barabarani. Nimesimama kuelekea chumbani: viwili, kimoja, mlangoni kimoja, ndani hakuna. Nimerudi: vipo. Nimekwenda na kurudi mpaka wifi akauliza kama nimepoteza kitu.

Sebule ina mtandao. Mgonjwa hayuko sebuleni. Nikikaa sebuleni simwoni wala simsikii, kuta ni zile zile. Afadhali kuliko msindano, lakini si hiki nilichokifuata.


Jumamosi, 18 Juni

Simu moja, laini mbili. Ili Oliva anipate kwa bei nafuu inabidi niweke ya mlimani na kupanda kwenye msindano. Ili nipatikane ndani inabidi niweke ya barabarani. Kila kubadili: fungua kifuniko, toa betri, chomoa laini kwa ukucha, chomeka nyingine, rudisha betri, washa, saa imerudi mwanzo, tarehe imepotea. Asubuhi kijisehemu cha kushikia laini kimevunjika. Sasa naibana kwa karatasi ya sigara iliyokunjwa.

Laini yenyewe ni ndogo kuliko ukucha. Iliniponyoka ikaingia chini ya kabati. Nimelala kifudifudi na mwiko nikiichokoa, mtu mzima na miaka yangu hii. Nimetukana. Otmari alisikia. Kama sikosei alicheka, lakini uso wake siku hizi hausomeki upande mmoja.


Jumatatu, 20 Juni

Lori la Shabani limesimama getini, halina mzigo, nje ya siku zake. Oliva alipiga jana siku nzima kwenye namba ya mlimani na mimi nilikuwa na ya barabarani, ambayo namba yake tulisahau kuiandika dukani. Akadhani baba yake amefariki. Akamsihi Shabani apande aje kuangalia. Mtu ameunguza mafuta kuja kuuliza kama tuko hai.

Nilimkaribisha sebuleni. Niliona aibu kumsimamisha tena getini. Aliingia kofia mkononi, akaongea chini chini. Yeye ana laini zote mbili, na simu mbili, kila shati lake lina mifuko miwili. Nikamwomba atusaidie kupima. Akashika moja huku na nyingine huku, akatembea taratibu mpaka kwenye mlango wa chumba. Pale akasimama. Pazia limefungwa. Hakulisogeza.

"Shemeji, mtandao unaishia mlangoni hapa," akasema. "Zote mbili. Hata ukinunua laini ya tatu itaishia hapa hapa. Tatizo si laini."

Nikamuuliza tatizo ni nini basi. Akaligonga tofali kwa kidole. "Dereva amejenga."

Alipoondoka nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Ukuta hauhami. Mnara hauhami. Nikaangalia kitanda.


Jumanne, 21 Juni

Nimemwambia wifi Skola kwamba nataka kukihamishia kitanda sebuleni. Amenijia juu.

"Mgonjwa hawekwi sebuleni kama mbuzi wa kuuzwa, wifi. Kila anayepita barabarani amwone mate yanamtoka? Kaka yangu? Kwa ajili ya simu?"

Si kwa ajili ya simu, nikasema. Lakini nilikuwa nimeanza na simu, kwa hiyo akanishinda. Otmari alisikia yote. Nilipomuuliza yeye, akageuka ukutani.

Wifi amefunga mzigo wake, amerudi Mdandu. Nimebaki na hasira na mtu asiyeongea.


Alhamisi, 23 Juni

Nimemwambia wazi. Nilikaa kitandani upande wa mkono mzima ili asiweze kugeuka bila kunisukuma.

Nilimwambia siku ile nilidhani umekufa, na ungekufa mimi nikiwa juu ya shamba naulizia kidonge. Nikamwambia mwanao anakulilia mbele ya wateja. Nikamwambia, unajificha, sawa, umeumia, lakini umenificha na mimi pamoja nawe. Sina mtu wa kuongea naye humu ndani tangu Kwaresima. Nikipata wa kuongea naye lazima nisimame kwenye mvua. Sikupandisha sauti. Nilikuwa nimechoka hata kupandisha sauti.

Nikajua nimeongea na ukuta. Nikanyanyuka kwenda kuepua viazi.

Nyuma yangu akasema, "Shabani."

Nikageuka. Akarudia, kwa kuhangaika, mdomo umekwenda pembeni. "Shabani... abebe."


Jumamosi, 25 Juni

Shabani amesimamisha lori akitokea Mlangali. Nilimwambia pale getini. Akazima injini, akakaa kidogo kwenye usukani bila kushuka. Halafu akashuka na spana, kwa sababu kitanda kile hakipiti mlangoni, lazima kifunguliwe.

Niliogopa jinsi atakavyomtazama. Otmari alikuwa mtu wa kubeba magunia kama mito. Shabani akalisogeza pazia, akaingia, akasimama upande wa miguuni. Yeye ni mtu wa Kondoa, Kibena chake ni neno moja tu, la salamu.

"Kamwene, dereva," akasema.

Otmari akamtazama. Machozi yakamtoka, jicho moja zaidi ya jingine. Shabani hakujifanya hayaoni. Alitoa leso yake, akamfuta, akaikunja akairudisha mfukoni. Halafu akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua, akapita naye mlangoni kwa ubavu, taratibu, kama mtu anayerudisha gari kinyumenyume kwenye geti jembamba. Akamweka kwenye kochi. Baba Tuli akaja kushika mbao. Wamekifunga kitanda chini ya dirisha la barabarani. Sebule imekuwa chumba cha ajabu, meza imekwenda jikoni, picha ya harusi yetu iko juu ya mito.

Mimi nilikuwa jikoni muda mwingi. Nilisema napika. Sikuwa napika.


Jumapili, 26 Juni

Oliva naye amenunua laini ya barabarani, kwa ajili yetu tu. Ya wateja ameiacha. Nimeiondoa ya mlimani kabisa, nimeifunga kwenye kitambaa.

Alipiga baada ya misa. Simu iko dirishani, imelia humo humo ndani, na mimi nikashtuka mpaka nikamwaga chai. Sijawahi kuisikia ikilia ndani ya nyumba yangu. Nimemwekea baba yake sikioni. Alisikiliza mpaka vocha ya mtoto ikaisha, halafu akaendelea kusikiliza.


Jumatano, 29 Juni

Siku mbaya. Watoto wa shule wamechungulia dirishani, mmoja akaiga mdomo wake. Otmari amejifunika blanketi mpaka kichwani na hajajifunua mchana wote. Hajala. Simu ikalia, akaisukuma ikaanguka, betri huku, laini kule.

Labda wifi alikuwa sahihi. Nimemtoa mtu mahali alipokuwa na heshima yake, nimemweka barabarani. Kwa sababu mimi nilichoka. Nimefunga pazia.


Ijumaa, 1 Julai

Baridi kali, nyasi zimekuwa nyeupe. Nimeamka nimekuta pazia limefunguliwa nusu. Sikulifungua mimi. Alikuwa anaangalia malori yakipanda. Nimempa uji, amemaliza. Sijamuuliza lolote.

Amejifunza mlio wa kila gari. Likija la mtu anayemjua anainua kidole.


Jumanne, 5 Julai

Shabani amekuja. Oliva hakuwa na dawa ya kutuma, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuja. Amekuja na wembe mpya na sabuni. Ndevu za Otmari zilikuwa zimefika shingoni. Mimi nilipokuwa najaribu alikuwa ananisukuma mkono, akaishia kukaa nazo hivyo hivyo.

Leo amekubali. Shabani amemwegemeza kwenye mito, amemfunga taulo, ameanza upande wa kulia, ule uliolala, anaivuta ngozi kwa kidole gumba na kupitisha wembe kidogo kidogo. Wifi Skola alikuwa amefika asubuhi na mbaazi za Mdandu, uso umekunjwa. Alisema amekuja kuona aibu niliyoifanya. Sasa ameshika beseni la maji ya moto na kumwelekeza Shabani alipoacha. Baba Tuli amepita kuomba spana, amekaa. Jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Wanaongea kuhusu bei ya mahindi na mtelemko mmoja ambako Otmari aliwahi kukatikiwa breki. Wanabishana ulikuwa upi. Otmari anatikisa kichwa kila wanapokosea, na Shabani anamwambia tulia, nitakukata.

Simu imelia. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa povu, kwa hiyo nimemwekea kwenye la kulia, lililonyolewa.

Simu ile ina sauti kubwa, tulimsikia wote. "Shikamoo baba. Mbona nasikia watu wengi? Kuna nini hapo nyumbani? Baba?"

Akalitafuta neno. Shabani akasimamisha wembe. Wifi akainamisha beseni kidogo, maji yakatulia. Hakuna aliyemsaidia.

"Wageni," akasema.

Nimekwenda jikoni kuongeza maji ya chai.